Picha za Kichwa cha Breki

Wanafunzi wake ndio waliompa jina la Breki, na hakuwahi kulikataa. Alikuwa amefundisha udereva kwa miaka kumi na miwili, na gari lake dogo jeupe, lenye herufi L mbele na nyuma, lilikuwa na breki ya pili upande wa abiria. Mguu wake ulikaa juu ya breki ile kama paka juu ya mto. Mwanafunzi akijisahau kidogo tu, akavutiwa na bango la matangazo au akamwona mchumba wake wa zamani anavuka barabara, gari lilisimama palepale, na Breki, bila kupandisha sauti, alimwambia, "Haya mpenzi, turudi barabarani." Wapo waliofaulu mtihani mara ya kwanza, na wapo waliofaulu mara ya sita. Wote walimtumia picha za leseni zao kwenye simu, naye aliwajibu wote jibu lilelile: hongera sana, sasa nijulishe unapita barabara gani, ili mimi nipite nyingine.

Alikuwa na miaka thelathini na sita. Mumewe alikuwa fundi wa friji, mtu wa maneno machache na vifaa vingi. Binti yao mmoja, wa miaka kumi na moja, alikuwa na jibu kwa kila swali na swali kwa kila jibu. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya kulala, lakini kimoja, kwa maelezo ya mume, kiligeuzwa karakana kwa muda tu. Muda huo ulikuwa umeingia mwaka wa saba.

Mambo yalianza Jumanne moja asubuhi, akiwa na mwanafunzi wake mzee kuliko wote. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa miaka sitini na sita, aliyeamua kujifunza gari baada ya kuchoka kubebwa na wakwe zake kama mzigo. Waliitana "mwalimu" wote wawili, na hakuna aliyeona ajabu. Walikuwa wamesimama kwenye taa nyekundu. Tangu juzi yake Breki alikuwa na maumivu nyuma ya jicho la kushoto kila alipolizungusha, akadhani amelala vibaya. Sasa kope ikamwingia jicho la kulia, akalifumba ili alisugue, na kwa sekunde zile mbili akaitazama taa kwa jicho la kushoto peke yake. Wekundu ulikuwa umepauka kama shati lililofuliwa mara mia na kuanikwa juani. Akafumbua jicho la kulia, akaona nyekundu halisi. Akarudia, kisha akarudia tena. Taa ikawa kijani, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Mwalimu," mzee akauliza kwa heshima zote, "unanikonyeza, au niondoke?"

Kufikia Ijumaa jicho lile lilikuwa linaona kama mtu anayechungulia kwenye kioo kilichopakwa sabuni. Breki hakusubiri kuambiwa. Alimkabidhi mwenye shule ufunguo wa gari, akasema hawezi kumfundisha mtu kuona barabara ilhali yeye anaiona nusu.

Daktari wa macho alimpima, akasema jicho lenyewe halina kasoro. Tatizo liko kwenye mshipa wa fahamu ulio nyuma yake. Akampeleka hospitali kubwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamume mpole aliyezungumza polepole, kana kwamba kila neno analipima joto kabla ya kulitoa. Alimuuliza maswali mengi ambayo Breki hakuona yanahusiana vipi na jicho. Je, amewahi kufa ganzi mahali popote? Breki akakumbuka kwamba miaka mitatu nyuma vidole vya mguu vilikufa ganzi wiki mbili nzima. Alibadilisha viatu, hali ikaisha, akavilaumu viatu. Daktari aliandika jambo hilo kwa penseli na kulipigia mstari.

Akaandikiwa kipimo cha MRI cha ubongo na uti wa mgongo. Mtaalamu wa mashine ile alikuwa mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe na macho yasiyopitwa na kitu. Alimwambia atoe kila chuma mwilini. Pini saba za nywele zikatoka, Breki akaapa zimekwisha, mtaalamu akaichomoa ya nane. Kisha akamlaza, akakiweka kichwa chake ndani ya kizimba cha plastiki, akakisogeza kushoto kidogo, kulia kidogo, akamsihi asitikisike. Mashine ikaanza. Mara iligonga kama mtu anayenyoosha bati, mara ikavuma kama inayotoboa ukuta. Breki akaamua kupitisha muda kwa kuendesha gari kichwani: toka shuleni, kata kushoto, mzunguko, kata kulia. Kabla hajafika kituo cha mafuta akapitiwa na usingizi. Mtaalamu alilazimika kurudia picha moja kwa sababu ya kukoroma, na akamwambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi yeye ni mtu wa pili kukoroma mle ndani.

Siku ya majibu alikwenda na mumewe. Daktari aligeuza kompyuta iwatazame. Ubongo ulionekana wa kijivu, na ndani yake mlikuwa na madoa meupe, mengine kama punje ya mchele, jingine kama maharage. Yalikuwa tisa. Daktari akaeleza kwamba ugonjwa huu unaitwa MS. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka na kuushambulia utando unaofunika nyaya za fahamu, na kila inaposhambulia huacha kovu. Ganzi ya vidole ilikuwa shambulio, na jicho lilikuwa shambulio jingine. Hauna tiba ya kuumaliza, ila zipo dawa za kuupunguza kasi, na watu wengi huishi nao miaka mingi wakifanya kazi zao. Kila mwaka watapiga picha nyingine na kuilinganisha na hii, kwa kuwa makovu mengi huja kimyakimya.

Mwishoni akampa Breki diski yenye picha zake zote, jina lake limeandikwa juu kwa kalamu nyeusi.

"Itunze kama cheti cha ndoa," alisema.

Mume na mke wakatazamana. Cheti chao cha ndoa hawakuwa wamekiona tangu walipohamia nyumba ile.

Wiki hiyo ilikuwa nzito. Breki alilia mara moja tu, bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa, na alipotoka akakuta binti yake amesimama mlangoni na taulo. Mume alitengeneza bomba la jikoni, bawaba za milango yote, pasi, na hatimaye feni ya jirani ambaye hakuwa ameomba. Binti alisoma kila alichoweza kusoma kuhusu ugonjwa ule, na siku ya tatu, mezani, akatangaza kwamba kuanzia sasa mama asikae juani bila sababu, na kwamba sababu zitapitiwa na yeye. Breki akacheka mpaka akapaliwa na maji, na kicheko kile kikamrudisha kwenye hali yake kidogo.

Alichomwa dawa ya mshipa siku tatu, kisha akaanza vidonge vya asubuhi na jioni. Baada ya wiki sita jicho lilirudi karibu lote. Wekundu ulibaki umepauka kidogo, lakini daktari wa macho alimpima kwa makini, akamwandikia barua ya kumruhusu kurudi barabarani. Wanafunzi walimpokea kwa shangwe. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye katika kipindi kile alikuwa amefeli mtihani mara mbili, alisema kufeli kwake kulikuwa njia ya kumsubiri.

Mwaka uliofuata ulikuwa mzuri kupita kiasi. Breki alifundisha watu arobaini na mmoja. Alitembea na kupanda ngazi bila kufikiria, na akaanza kuuona ugonjwa wake kama ndugu wa mbali aliyekuja, akafanya fujo, akaondoka zake. Siku ya kupiga picha ya pili ilipofika, akaomba iahirishwe, akisema ana wanafunzi wa mtihani. Ilipofika tena, akasema vilevile. Mara ya tatu daktari alipiga simu mwenyewe, akamuuliza kwa upole kama wanafunzi hao huwa wanafanya mtihani kila siku. Breki akaenda.

Safari hii hakukoroma. Mtaalamu alikilaza kichwa chake kwa uangalifu uleule, akamweleza kwamba kinatakiwa kikae vilevile kama mwaka jana, vinginevyo picha mbili haziwezi kulinganishwa. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hospitali ilibadilisha mfumo wake wa kuhifadhi picha katikati ya mwaka, na picha za zamani, zake zikiwemo, hazifunguki. Ilibaki ripoti ya maandishi tu: madoa tisa. Maandishi hayakumtosha daktari. Alitaka kuona kila doa lilikuwa wapi na lilikuwa na ukubwa gani.

"Ile diski," alisema. "Niletee ile diski."

Waliitafuta siku mbili. Kabati lilimwagwa, magodoro yakainuliwa, karakana ikapinduliwa chini juu. Walipata cheti cha ndoa ndani ya mwongozo wa friji, walipata viatu vya utotoni vya binti, walipata ufunguo wa nyumba waliyohama zamani. Diski haikuonekana. Breki alianza kuwa mkali, na mume akaanza kutengeneza vitu ambavyo havijaharibika.

Jumamosi asubuhi binti alikuwa nyuma ya nyumba akimwagilia nyanya za baba yake. Akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, njoo uone. Jina lako linaning'inia kwenye nyanya."

Ilikuwa kweli. Miezi minne nyuma mume alikuwa ametundika diski kuukuu sita kwenye kamba, ili zimetamete juani na kufukuza ndege waliokuwa wakidonoa nyanya. Alizichota kwenye droo moja, akidhani zote ni za muziki wa zamani. Ya nne kutoka kushoto ilikuwa ubongo wa mkewe. Jina lilikuwa limefifia, na upande wa pili ulikuwa na mikwaruzo na alama za mvua. Mume alikuja na kikombe mkononi, akaitazama, akamtazama mkewe, akaitazama tena.

"Ndege hawajarudi lakini," alisema kwa sauti ya chini.

Breki alitaka kukasirika na akashindwa. Alikaa chini pale pale kwenye ukingo wa bustani, akacheka huku machozi yanamtoka, na asijue kwa hakika machozi yale ni ya nini.

Fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili aliiosha diski kwa maji na kitambaa laini, akaijaribu kwenye mashine tatu zikaikataa. Ya nne, kuukuu kuliko zote, ikaisoma, ikikwaruza kama inalalamika. Picha chache zilipotea, ila nyingi zilikuwa salama.

Daktari aliweka miaka miwili kando kwa kando kwenye kioo cha kompyuta, mwaka jana kushoto, mwaka huu kulia. Akazishusha picha zote mbili pamoja, kipande kwa kipande, tangu utosini kwenda chini, kama mtu anayefungua mkate uliokatwa. Madoa tisa yalikuwepo, na mawili yalikuwa yamesinyaa. Kisha akasimama. Kushoto palikuwa na kijivu kitupu, na kulia palikuwa na doa. Akashuka zaidi, akasimama tena, na chini zaidi akasimama mara ya tatu. Moja kati ya yale matatu mapya lilikuwa limenyonya dawa ya rangi aliyochomwa kabla ya picha na kung'aa, kumaanisha lilikuwa bichi, la wiki chache tu.

Breki aliuvuta mkoba wake mapajani. "Daktari, mimi mzima. Sijaumwa hata siku moja mwaka huu. Nimefundisha watu arobaini na mmoja."

"Najua," daktari alisema. "Ndiyo maana tunapiga picha. Nikisubiri mpaka wewe uniambie, nitakuwa nimechelewa."

Alipendekeza waache vidonge, wahamie kwenye dawa kali zaidi, ya kuingizwa kwa dripu mara mbili kwa mwaka. Hakuficha ubaya wake: kinga ya mwili ingeshuka, na mafua ya mtu mwingine yangeweza kuwa kikohozi kirefu kwake. Breki akamuuliza kama ana uhakika madoa yale matatu yatamdhuru.

"Sina," alisema daktari. "Mengi hupita mtu asijue. Ubongo una njia za mchepuko, doa likiziba hapa, unapita kule. Lakini njia hizo huisha, na mimi siwezi kuona zako zimebaki ngapi."

Siku nyingine yoyote Breki angelifanyia utani neno lile mchepuko. Siku hiyo aliaga tu, akaondoka.

Alikaa na hasira wiki mbili. Si kwa daktari, maana huyo alimwambia ukweli. Alizikasirikia zile picha. Mwaka mzima alikuwa akijipongeza, na kumbe kuna mtu aliyekuwa akiandika mambo mengine ndani ya kichwa chake bila kubisha hodi. Alimwambia mumewe kwamba haoni kwa nini atiwe sumu kwa ajili ya kitu asichokisikia. Mume alikuwa ameshika bisibisi, kama kawaida. Akaiweka chini.

"Mama watoto, watu huniita wakati barafu imeshayeyuka," alisema. "Nikifika, nakuta gesi ilianza kuvuja miezi mingi nyuma. Friji ilikuwa bado inagandisha, mwenyewe anasema ni nzima. Mimi nina geji ya kupimia gesi, naona." Uso ukambadilika. "Sisemi kwamba wewe ni friji."

"Umesema mimi ni friji."

"Nimesema kuhusu geji."

"Miaka kumi na tatu ya ndoa," alisema Breki, "na leo nimekuwa friji." Lakini alikuwa anacheka, na kesho yake asubuhi alimpigia simu daktari.

Dripu ya kwanza ilichukua karibu siku nzima. Koo lilimwasha, muuguzi akapunguza kasi, kuwashwa kukaisha. Breki alikuwa amebeba karatasi za majaribio ya alama za barabarani, akazisahihisha zote akiwa kitini, na akagundua kwamba mwanafunzi mmoja alidhani alama ya "usipite" ni ya kupumzikia. Wiki ile alichoka sana. Wiki iliyofuata alirudi kazini, amevaa barakoa kwa amri ya binti.

Miezi sita baadaye walipiga picha ya kuanzia hesabu upya, na mwaka mmoja baada ya hapo wakapiga nyingine. Mume aliomba aone mwenyewe. Daktari akamvutia kiti, akazishusha picha polepole, na yule fundi wa friji akasogeza uso karibu na kioo, akiuliza hili ni lile la juzi, na hili je, mpaka wakafika chini kabisa.

"Hakuna jipya," alisema daktari.

"Rudia," alisema Breki.

Akarudia.

Picha zile sasa zinakaa sehemu tatu tofauti, kwa mpango wa binti, na hakuna hata moja iliyo karibu na bustani.

Si kwamba mambo yote yalirudi yalivyokuwa. Jua likiwa kali, mguu wa kushoto huchoka mapema na kuburuta kidogo, hivyo Breki hafundishi barabarani baada ya saa sita mchana. Jioni hufundisha alama na sheria darasani, ameketi mbele ya feni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwomba mwenye shule ampime. Kila baada ya miezi mitatu mwalimu mwenzake huendesha lile gari jeupe kwenye uwanja mtupu, anapiga kelele "simama" bila kumtahadharisha, na mtu wa tatu anashika saa kuona Breki anakanyaga breki ya pili baada ya muda gani. Breki amesema siku atakayochelewa atahamia darasani moja kwa moja, na hataki mtu amwonee haya. Mpaka leo hajachelewa.

Mwalimu mkuu mstaafu alifaulu mtihani mara ya nne. Sasa yeye ndiye anayewabeba wakwe zake, na habari zilizomfikia Breki ni kwamba wameanza kupendelea kutembea kwa miguu.

Mwaka wa nne wa picha doa moja dogo lilijitokeza, dogo hata ikabidi mtaalamu wa mashine aitwe athibitishe si kivuli. Safari hii Breki hakuvuta mkoba mapajani. Alitaka kujua liko upande gani, lina milimita ngapi, na linaweza kungojewa mpaka lini. Wakakubaliana yeye na daktari wasibadilishe dawa, wapige tena baada ya miezi sita. Walipopiga, doa halikuwa limekua, na halikuwa na mwenzake. Daktari akamwambia waonane mwaka ujao.

Siku ya picha ile, alipokuwa anarudisha pini zake kwenye nywele, Breki alimuuliza yule mtaalamu kama ana leseni. Mtaalamu akasema hapana, anaogopa mizunguko, na kwa kweli anaogopa na malori. Breki akatoa kijitabu chake cha ratiba, akatafuta nafasi ya asubuhi. Walianza Jumatatu, saa moja na nusu. Mtaalamu ana mkono mtulivu mno na hasahau kioo hata siku moja, lakini anakwenda polepole kiasi kwamba baiskeli zinawapita.